Werema na Bomba la Pili

Mkwe wangu Werema hajawahi kukanyaga jiko langu. Kwetu Wakurya mume wa binti haingii anapopikia mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Kwa hiyo mwaka 1977, sakafu ya jiko langu ilipoanza kutoa maji, sikujua nifanye nini. Kijijini kwetu Nyanungu fundi bomba alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyemwoa Felista wangu.

Sikumtaka alipokuja kuposa. Mimi ni mwalimu, na marehemu mume wangu Matiko alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu aliyesifiwa kila mkutano kwa uaminifu. Werema aliishia darasa la nne. Ufundi aliupata kwa kubeba mabomba ya mradi wa kijiji na kutazama mikono ya mafundi wa serikali. Alikuwa mpole, na kucha zake hazikuwahi kuwa safi.

Mwezi ule tangi la kijiji lilikuwa likikauka kabla ya jioni. Koki kubwa ya tangini, ambayo Werema ndiye aliyeitunza, ilifunguliwa asubuhi na jioni tu. Watu wote walichota maji kwenye bomba la kijiji, isipokuwa sisi. Kijiji kilituruhusu bomba la jikoni kwa sababu tangi lilijengwa kwenye shamba letu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kisyeri, akatangaza kwamba mkutano wa Jumamosi utamtaja kwa jina anayepoteza maji. Jirani yangu Mokami hakungoja Jumamosi.

"Mwalimu," aliniambia njiani mbele ya wenzake, "nasikia siku hizi mnafuga samaki jikoni."

Walicheka hadi ndoo zikayumba vichwani. Matiko alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Nikamtuma Felista amwite mumewe.

Alikuja saa nne asubuhi, akasimama nje ya ukuta wa jiko, uso kaugeuzia migombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Utatengenezaje usichokiona?"

"Mama ataona. Mimi nitauliza."

Akaniambia nikaushe sakafu kwa gunia, kisha ninyunyize majivu makavu kila mahali. Pale yatakapoanza kuwa meusi ndipo maji yanapopanda. Nikapiga magoti na gauni langu la shule, nikanyunyiza. Nilitazamia doa chini ya koki. Likatokea kwenye kona ya kabati, upande mwingine kabisa.

Nilipomwambia, alisogea karibu na ukuta. Felista, aliyekuwa mlangoni, alimwona akiegemeza nondo ukutani na kuweka sikio kwenye ncha yake, asikilize maji.

"Mama, upande huo hakuna bomba. Lile la jikoni nililiunga mwenyewe. Hebu fungua koki."

Nikafungua. Maji yakatoka kwa nguvu.

"Yanatoka kama kawaida," nikasema.

"Kama kawaida? Mama, nimefunga tangi tangu saa mbili."

"Baba Felista alisema nyumba yetu iko bondeni, maji hubaki bombani."

"Yanayobaki bombani hujaza birika moja, mama, halafu yanakwisha."

Nilisimama pale na majivu mikononi. Miaka minne nilipika, nilifua, na wageni wangu wakaoga kwa maji ya mchana kutwa, nami nilisoma, nikafundisha watoto wa watu kupima na kufikiri. Sikuwahi kuuliza.

Werema akachimba nje ya kona ile. Akalikuta bomba la pili, lililokwenda kuungana na lile la jikoni, akalifuata kwa jembe hadi shambani. Lilikuwa limeungwa juu ya koki kubwa, kati yake na tangi, mahali ambapo kufunga tangi hakukulizuia. Penye maungio karibu na ukuta ndipo lilipovuja. Fundi hufunga maungio kwa nyuzi za katani. Haya yalifungwa kwa kitambaa. Felista akaniletea kitambaa chenyewe, kimeoza nusu. Kilikuwa kipande cha shati la kaki la Matiko, lile alilovaa kwenye mikutano ya kamati. Mwenyewe Matiko aliniambia liliibwa kwenye kamba ya nguo.

Nikakaa juu ya kinu.

"Nitaling'oa leo," Werema akasema toka nje. "Udongo utarudi. Hakuna atakayejua."

Jumamosi Mzee Kisyeri alipouliza maji yalikopotelea, Werema alisimama kabla sijafikiri.

"Kosa ni langu. Nilimuungia mama bomba vibaya, likavuja chini kwa chini."

"Fundi wa darasa la nne!" mtu akapaza sauti. "Mnyang'anyeni spana!"

"Akachunge ng'ombe!"

Werema alitazama chini huku wakimcheka, na Felista ameketi pale, mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mbele na walimu wenzangu. Nilitakiwa kunyamaza tu, na mume wangu angebaki na sifa alizozikwa nazo.

Nikasimama.

"Mzee Kisyeri, kijana huyu anadanganya. Aliunga vizuri. Mume wangu ndiye aliyeunga bomba la siri juu ya koki, na mimi ndiye niliyetumia maji hayo."

Mokami aliziba mdomo kwa khanga.

"Mwalimu," Mzee Kisyeri akasema polepole, "unamtaja Matiko?"

"Namtaja Matiko."

Waliamua bomba langu la jikoni likatwe, na koki ya tangini abaki nayo Werema. Shemeji yangu Waitara hakunisalimu hadi Krismasi. Siku alipofungua mdomo, alisema nimemfukua kaka yake mbele ya kijiji kizima. Nilimjibu kwamba wajukuu wa kaka yake wanaitwa kwa jina la Werema, na jina hilo nimewaachia likiwa safi.