Siku Nilipomuua Mama Maji

Kuna siku moja ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji kule kwetu, haijanitoka kichwani, Neema mwanangu, na nitakusimulia leo kwa sababu tangu asubuhi umeiinamia hiyo simu na uso umeukunja kama mtu aliyeonja ndulele. Najua kinachokuuma. Rafiki yako Zaina ametoa klipu ya kuisimulia ile sinema mpya ya mashujaa, sehemu ya pili, ameishia katikati na kuahidi kwamba kesho anamalizia. Watu wamemmiminia komenti. Wengine wanabishana nani atapona, wengine wanaapa kwamba usingizi hautawajia mpaka wajue. Sehemu ya kwanza uliisimulia wewe, ukawa gumzo la Same nzima, na sasa hakuna anayekutaja. Tena hii ya pili uliiona kabla yake, ulipokwenda Arusha kwa dada yako. Nimekusikia kwa masikio yangu ukisema, "Naandika hapo chini nani anakufa, tuone kesho watamsikilizia nini."

Usiandike kwanza. Weka simu hapo, vuta kigoda, tuchambue haya maharage.

Wivu naujua, mwanangu. Sitakuambia ni kitu cha watu wabaya, maana nitakuwa najitukana mwenyewe. Hata leo, mtu akisifiwa msibani kwa kujua kusimulia, nainua shingo nimwone ni nani huyo, na kabla hajafungua mdomo nimeshamtafutia kasoro. Basi ukiona nakusema, ujue nayasema ninayoyafahamu kwa ndani.

Nilipokuwa msichana kule kwetu Chome, umeme ulikuwa habari ya watu wengine. Sinema zilikuwa huku chini Same, kwenye banda la video karibu na stendi. Tulikaa kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na mwenye banda anazunguka nje kuwafukuza wanaochungulia kwenye matundu ya mabati. Mimi na rafiki yangu Nakiete tulishuka kwa zamu na lori la ndizi, siku za gulio. Wiki hii anakwenda yeye na ndizi za kwao na za kwetu, wiki inayofuata nakwenda mimi. Nikishauza, mguu wangu ulijua njia ya bandani wenyewe.

Huko ndiko nilikowaona Wale Watano. Jina la Kizungu la sinema hiyo sikuweza kulitamka, kwa hiyo nikaipa hilo. Kilikuwa kikosi cha mashujaa, mmoja anaruka, mmoja risasi hazimwingii, na miongoni mwao kuna mwanamke anayeyaamuru maji. Akiinua mikono, mafuriko yanasimama. Nikamwita Mama Maji. Kiingereza walichokuwa wanazungumza nilikipata kidogo sana, mengine nilijaza mwenyewe. Jitu baya nililipa tabia za jirani yetu mmoja aliyekuwa akiiba zamu ya maji, na kila mtu Chome akalitambua.

Nilisimulia kwenye msaragambo. Wewe umekulia kwenye maji ya bomba, lakini kule, pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kufukua tope la ndiva, lile bwawa letu linalokusanya maji ya mfereji kabla hayajafunguliwa kwenda mashambani. Wanaume wanachimba, wanawake tunapokezana makarai ya tope kwa mstari. Kazi inachosha, tope linanuka. Mzee Senzia, msimamizi wa ndiva, aligundua kwamba nikisimulia makarai yanakwenda mbio, akaniweka katikati ya mstari ili wa juu na wa chini wote wasikie.

Ungewaona! Watu wazima, wengine wazee wa kanisa, wakimshangilia Mama Maji kana kwamba ni binti wa ukoo. Akikabwa, majembe yanasimama. Akijinasua, vigelegele. Mzee Senzia alikuwa akiwatuliza wenye wasiwasi, "Jamani, chimbeni! Steringi hafi!" Na bibi yangu, ambaye umri ulishamwondoa kwenye msaragambo, alikuja na mkongojo wake akakaa ukingoni kwa ajili ya Mama Maji tu. Tukirudi nyumbani ananiuliza huyo mwanamke ana watoto? Anakula nini? Mume wake anamheshimu? Nami najibu yote, bila aibu. Nakiete alikuwa karibu nami kwenye mstari, ananipokea karai, hasemi kitu. Nilidhani yeye ni msikilizaji tu.

Sehemu ya pili ilipofika Same, ilikuwa zamu ya Nakiete.

Habari ilipanda mlima kabla ya lori. Nilipokwenda kumpokea, nilikuta watu wamemzunguka, na Mzee Senzia anamuuliza, "Umewaona? Wazima?" Nakiete akasema wazima, lakini atawasimulia kwenye msaragambo, kama ilivyo kawaida. Mimi hakuna aliyenisalimia. Nilichukua kapu letu tupu nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa nikijifariji kwamba Nakiete hajui kusimulia, atajikwaa, watu watamchoka, wataniita.

Pembe ikalia. Mzee Senzia akamweka Nakiete mahali pangu.

Mwanangu, mimi nilikuwa nasimulia kwa kelele. Naruka, napiga kifua, nalia sauti ya jitu. Nakiete alianza taratibu, kwa sauti ya chini, kiasi kwamba waliokuwa mbali walilazimika kusogea. Mstari ukapinda. Watu wakabanana pale alipo, makarai yakawa yanapita mikononi bila mtu kuyatazama. Naye alikuwa ameona mambo ambayo mimi kwenye ile ya kwanza sikuyaona kabisa. Alisema Mama Maji kila akishazuia mafuriko mikono yake inatetemeka, anaificha kwenye nguo ili wenzake wasijue. Nilikumbuka. Ni kweli ilikuwa inatetemeka! Niliiona kwa macho yangu nikaipita, kwa sababu nilikuwa nasubiri lile jitu lipigwe.

Bibi yangu akainama mbele, ukingoni pale. Bibi yangu, mama mzazi wa baba yangu, hakunitupia jicho hata mara moja. Nilitamani Nakiete asahau. Nilitamani mvua inyeshe. Nilitamani mambo mengine ambayo sitakuambia. Kazi ilipoisha alikuwa amefika katikati, Mama Maji amesimama mbele ya ukuta wa bwawa kubwa unaopasuka, na Nakiete akafunga mdomo. "Mwisho ni msaragambo ujao," akasema. Watu walilalamika kwa furaha, unajua kule kulalamika kwa mtu aliyeshiba anayetaka kuongezewa.

Zamu iliyofuata ya lori ilikuwa yangu. Nilishuka, nikauza ndizi kwa bei ya kutupa ili niwahi banda. Nikaona yote. Mama Maji anauzuia ule ukuta mpaka watu wote wa bondeni wanapanda juu, halafu mikono inamwishia nguvu, anakwenda na maji. Wenzake wanne wanabaki. Bandani watu walipiga kelele, wengine wakamtukana mwenye banda kana kwamba yeye ndiye aliyemuua. Kijana mmoja alidai arudishiwe kiingilio kwa sababu steringi amekufa. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshapata nilichokifuata.

Msaragambo ukaitishwa. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, nyumba nyingine zilitoa watu wawili bila kuombwa. Bibi alikuwa wa kwanza kukaa. Nakiete akapangusa mikono, akaanza pale alipoishia, kwa sauti ile ile ya chini. Alikuwa anaieleza ile mikono. Nikaona uso wa Bibi ulivyofunguka, nami nikapaza sauti kutoka mwisho wa mstari, "Anakufa! Mama Maji anakufa, maji yanamchukua, ndiyo mwisho!"

Nilidhani watanigeukia waseme, enhe, ilikuwaje? Hakuna aliyesema. Mzee Senzia alinong'ona, "Steringi hafi," lakini safari hii kama anauliza. Nakiete alinitazama, hakunitukana, akachukua karai lake akalipitisha. Mama mmoja akaniambia, "Wewe binti una roho gani?" Baada ya hapo palisikika majembe tu, na ile ndiva tuliimaliza kimya kama tunachimba kaburi.

Tulipokuwa tunarudi, Bibi alikataa nimshike mkono. Alitembea na mkongojo wake mpaka penye mteremko, akasimama kupumua, ndipo akasema.

"Unafikiri nilikuwa sijui kwamba atakufa?"

Nikajifuta tope mikononi.

"Tangu mtoto wa watu alipotaja mikono inayotetemeka, nilijua. Mimi si mtoto. Sikwenda pale kutaka kujua nani anakufa. Nilikwenda nipate kumlilia."

Hapo nikaelewa, mwanangu, na nilitamani ardhi inimeze. Shangazi yangu mkubwa, binti wa kwanza wa Bibi, alichukuliwa na maji ya korongo kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani alikuwa hatajwi. Bibi hakuwahi kumsema mbele yetu, na siku ile pia hakumtaja jina.

"Nakiete alikuwa ananipeleka taratibu," akasema. "Karibu tufike. Wewe umenitupia maiti mlangoni." Kisha akaniangalia vizuri. "Kuona wivu si tatizo. Hata mimi nilimwonea wivu mke mwenzangu kwa sababu ya ugali wake. Lakini nilikula kwanza nikamaliza, ndipo nikanuna."

Kesho yake nilikwenda kwa akina Nakiete. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwomba radhi, akasema yameisha. Nikamwomba aje amsimulie Bibi ule mwisho, wao wawili peke yao, mimi nitakaa nje. Akasema, "Mwisho si umeshausema?" Hakusema kwa ubaya, lakini hakuja. Na pembe ilipolia tena, Mzee Senzia alimwita Nakiete katikati ya mstari, naye akakataa, akaniita mimi nikashindwa. Watu wakawa wanachimba na kuzungumza bei ya maharage.

Nakiete aliolewa Ndungu, ana mashamba ya mpunga na wajukuu. Tunasalimiana vizuri, tukikutana kwenye harusi tunacheka mpaka watu wanatushangaa. Sinema ile niliirudia mara nyingi, nimeiona kwenye mkanda, nimeiona kwenye televisheni, najua kila mahali Mama Maji anapoinua mikono. Ila namna Nakiete alivyotaka kumfikisha mwisho, hiyo sikuisikia, na kila nikimwuliza ananiambia, "Nimesahau, dada." Nikiwa mkweli, mimi ndiye niliyekuwa nataka kuisikia kuliko wote pale, hata kuliko Bibi. Ndiyo maana iliniuma vile. Nilikuwa shabiki wake wa kwanza na sikutaka kukubali.

Kwa hiyo nakuambia, binti yangu. Ukiona wivu, usijidanganye kwamba huna, na usikimbilie kutenda unachokuambia. Jiulize kwanza huyu mwenzangu ana nini ambacho mimi ningependa kukisikia mpaka mwisho. Muache amalize. Ukishamsikiliza, nuna, tena nuna vizuri, halafu kaa chini utengeneze ya kwako iwe nzuri zaidi. Na hao wanaoandika komenti hapo, usiwaone ni watu wa kugombaniwa. Huwezi kujua ni nani kati yao hakutaka kujua nani anakufa, alitaka tu apate mahali pa kulia.

Mungu akujalie ulimi wenye utamu na masikio yanayovumilia utamu wa mwenzio. Akupe marafiki wanaokuzidi, na akupe moyo wa kukaa nao benchi moja. Wasikilizaji wako wasikukimbie, nawe usiwakimbize. Amina.

Haya, nipe maharage yako nione kama umechambua au ulikuwa unayahesabu tu. Halafu iwashe hiyo klipu ya Zaina, tuitazame toka mwanzo. Kama anasimulia vizuri kuliko wewe nitasema, na tutaumia wote wawili. Kesho tutakaa hapa hapa tusubiri amalizie, maana mwisho wa Nakiete mimi nausubiri mpaka leo.