Wiski Iliyonizidi Umri

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile zilianza mapema, hata kabla hatujatoka Kakuma. Mchumba wangu alikipakata kisanduku cha mbao njia nzima mpaka Lodwar, amekizungushia kitenge chenye maji ili joto lisiharibu kilichomo, na kila gari liliporuka tuta alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelijenga. Ndani mlikuwa na chupa ya wiski kutoka Skoti. Ilikuwa imekaa kwenye pipa miaka mingi kuliko umri wangu, na mimi si msichana mdogo. Bosi wangu, mzee wa huko huko Skoti, alinipa siku alipoaga kazi. Daktari alikuwa amemkataza pombe. Alisema siku ya kuifungua nitaijua mwenyewe.

Niliijua palepale. Hiyo ingefunguliwa mbele ya baba.

Baba yangu, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa hajatubariki. Na kwetu Turkana baraka si maneno tu. Mzee anajaza maji mdomoni, au maziwa, halafu anakupulizia usoni, fyuuu, unabaki umelowa na unacheka. Nilipuliziwa nilipokwenda kufanya mtihani wa darasa la nane, nikapuliziwa nilipokwenda chuo, nikapuliziwa hata nilipopata kazi ya stoo kambini. Lakini tangu nimlete huyu mwanamume, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza betri za sola Kakuma, mdomo wa baba ulikuwa mkavu. Hakukataa, hakusema neno baya. Alimwita "mgeni", akamuuliza hali ya barabara, basi. Padre alikuwa ameshatutangaza kanisani, mama ameshachagua kitambaa, na mimi nilikuwa nimesema wazi kwamba siolewi bila mate ya baba. Wenzangu ofisini walinicheka. Wacheke tu.

Tulimkuta baba barazani, kwenye kivuli cha mabati, amekalia ekicholong, kile kigoda chake ambacho usiku hukifanya mto. Tukasalimiana, ejok, ejok-noi, akamuuliza mgeni wake hali ya barabara. Mama alipoiona chupa alikwenda mbio kwa jirani mwenye friji, akarudi na soda ya lita mbili, tayari ameifungua. Nilimnyang'anya. Nikamwambia kutia soda kwenye kitu hiki ni sawa na kumimina juisi ya embe kwenye supu ya mbuzi. Akaniuliza kati yetu nani alimzaa mwenzake. Hapo nilimrudishia soda yake.

Kisha nikawapa somo kama nilivyopewa na bosi. Unanusa kwanza, taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Ukishaipiga funda, humezi mbio. Unaiacha mdomoni, unaizungusha mpaka uisikie yote. Haki nilijisikia kama nimezaliwa Skoti. Nikamimina kwenye glasi ya chai, nikampa baba kwa mikono miwili.

Alinusa. Akanusa tena, akakunja uso, akamwita mama naye anuse. Wakatazamana, wakaangua kicheko kama watoto. Ilikuwa inanukia kibuyu cha maziwa. Ule moshi wenyewe, wa kijinga cha moto unachozungusha ndani ya kibuyu kukisafisha kabla ya kukamua. Mama hakuamini, akaingia ndani kuchukua kibuyu chake, tukawa tunapeleka pua huku na huku, glasi, kibuyu, glasi. Miezi yote tangu nipewe nilikuwa naijua ile chupa kwa bei yake ya kutisha, kumbe ndani yake mna jikoni kwa mama!

Mchumba wangu, ambaye kwa baba huwa hasemi mpaka asemeshwe, alinusa akafumba macho.

"Kibuyu ya bibi yangu," alisema, "ilikuwa inanuka hivi hivi. Kule nyumbani, kabla ya vita."

Baba akamgeukia, mwili mzima. Akamuuliza walitumia mti gani. Wakaanza kuelezana miti, huyu kwa Kiswahili cha Juba, huyu kwa Kiswahili cha lori, na mikono ikisaidia, mpaka chai aliyotuletea mama ikapoa. Wakaja kwenye ng'ombe. Wakaja kwenye bibi, kwamba alibaki njiani na hakufika Kakuma. Barabara hakuna aliyeikumbuka tena. Mimi niliogopa hata kukohoa.

Mwishowe baba aliinua glasi, akaniuliza mtu aliyeitia pombe hii kwenye pipa yuko wapi sasa. Nikamwambia huenda ameshakufa, maana hii huwekwa muda mrefu.

"Aliiweka akijua hataionja?"

"Ndiyo, Baba. Aliwawekea watakaokuja."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akapiga funda kubwa, kubwa mno kwa kinywaji kile, akakaa nayo mdomoni, mashavu yamevimba. Nilifurahi kwamba somo langu limeingia. Akaweka glasi chini. Akasimama. Akatuita kwa mkono, wote wawili, tusogee, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilimshika mchumba wangu mkono, nikamvuta.

Fyuuu!

Ilitupata macho, pua, nywele, na shati lake jeupe. Macho yaliwaka moto. Baba akataja mvua, akataja mbuzi na ng'ombe, akataja watoto, na mama akawa anaitikia kutoka mlangoni na kibuyu chake mkononi. Mimi nililia, na msinidanganye ati ni wiski. Nikajilamba mdomo. Moshi, asali kwa mbali, na tumbaku ya baba. Sijaonja kitu kitamu hivyo maishani mwangu.

Baba alikaa tena kwenye kigoda, akajifuta ndevu, akaninyooshea glasi.

"Hiyo ilikuwa yenu," alisema. "Sasa niwekee yangu. Na mumeo mwekee."

Mama naye akaja na kikombe chake, akakitia soda nusu nzima mbele ya macho yangu, akakileta karibu. Na mimi, na hasira zangu zote, nikammiminia mpaka kikajaa.