Gitaa na Usingizi wa Mchana

Nta ya nyuki ikichemshwa hainuki kama asali. Asali inanuka maua, lakini nta inanuka moshi, nyuki waliokufa na jasho la wanaume waliokaa porini siku nyingi bila sabuni. Katika harufu hiyo ndimo nilimojifunzia gitaa. Ilikuwa kambi ya asali, mbali ndani ya msitu wa miyombo kusini ya Sikonge, wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa bado sijavunja ungo. Wanawake hawaendi kambini. Walisema nyuki wanahama wakisikia sauti ya mwanamke. Lakini mama yangu alikuwa amefariki, shangazi alikuwa amejifungua, na baba hakuwa na mtu wa kumwachia watoto. Basi akanichukua mimi na kaka yangu Maganga, akaniambia nisiongee kwa sauti karibu na mizinga. Sikuongea. Nyuki hawakuhama, na asali mwaka ule ilijaa vyombo vya magome ya miti mpaka ikakosa pa kuwekwa.

Gitaa lilikuwa la mjomba Kapela, mdogo wake marehemu mama. Alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga kama vijana wengi wa kwetu, akarudi na koti, kikohozi na gitaa lenye ufa tumboni, ufa alioziba kwa nta. Uzi ukikatika alifungua waya wa breki ya baiskeli, akachambua nyuzi zake moja moja na kufunga mmoja pale. Kazi ya kambi ina vipindi virefu vya kungoja: unangoja moshi, unangoja asali ichuje, unangoja nta ipoe. Mjomba alichoka kungoja bila kazi, akaanza kunifundisha. Hakunionyesha wimbo. Alinipa kidole gumba tu. Alisema kidole gumba ni mpagazi. Babu yake alibeba pembe za ndovu toka Ujiji mpaka pwani, na alimwambia kwamba mpagazi akisimama hovyo njiani aliye nyuma anamkanyaga, kwa hiyo mguu hausimami mpaka aliye mbele ameimba kituo. Basi gumba langu likatembea kwenye uzi mnene, asubuhi mpaka jua la utosi, uzi uleule, mpaka ngozi ikachubuka, ikapona, ikawa ngumu kama kisigino. Ndipo akanipa kidole cha shahada. "Hiki sasa ndicho msemaji," alisema. "Gumba litembee, hiki kiseme. Msemaji akikosea, mpagazi asigeuke kumtazama." Nilikosea sana. Maganga alikuwa akikaa juu ya gogo la mzinga mbovu ananicheka.

"Mjomba, huyu anapiga gitaa au anakuna upele?"

"Wewe imba, mdomo mrefu. Ukimaliza kuimba vizuri ndipo uje kucheka."

Na kweli aliimba. Maganga alikuwa na sauti nyembamba iliyopanda bila kukwaruza, akatunga wimbo wa kumkebehi baba aliyekimbia nyuki mpaka akaacha kaptula juu ya mti. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kumwona akicheka hivyo. Mbung'o walikuwapo, ndiyo. Walituuma kupitia nguo, tukawaua kwa makofi, tukaendelea. Mimi nilipata kijipu chekundu shingoni, mjomba akakipaka nta. Hakuna aliyekijali. Watu wa porini wanaumwa na mbung'o kama watu wa mjini wanavyoumwa na viroboto.

Tuliporudi kijijini, baba mkubwa Mhoja alisikia gitaa siku ya kwanza tu. Huyu Mhoja ni kaka wa baba, tumbo moja, na alikuwa mkuu wa kikundi cha waimbaji. Kwetu, baada ya mavuno, vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, wanaimba kwa wakati mmoja. Watazamaji huanza katikati. Wanaposogea upande mmoja, upande mwingine unabaki unawaimbia kuku. Miaka miwili mfululizo Mhoja alikuwa amewaimbia kuku mbele ya washindani wake, watu wa kijiji cha Ntalikwa, na jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko njaa. Akaniona mimi, mtoto wa kike na gitaa, akamwona Maganga na ile sauti. Akasema tumeshinda tayari. Akatupeleka kwa mganga Lugendo tukazindikwe. Lugendo alituchanja vidoleni na kooni, akatia dawa yake nyeusi, akatoa sharti: aliyezindikwa havuki njia panda, wala hachomwi kitu cha chuma, mpaka siku ya ngoma ipite. Wote kijijini walilijua sharti hilo. Wakristo pia, na baba yangu akiwa mmoja wao, mshika mlango wa kanisa.

Homa ikaanza kwangu. Kichwa, viungo, kisha ikaondoka, kisha ikarudi. Halafu ukaja usingizi. Nililala nikila. Nililala nimesimama kisimani, ndoo ikafurika. Usiku macho yalikuwa wazi, mchana nilikuwa kama gunia. Na gitaa nililishika hivyo hivyo, kwa sababu Mhoja alitaka mazoezi kila alasiri. Siku moja nikalala nalo mapajani, kichwa ukutani, na kidole gumba kikaendelea kugonga uzi mnene. Kilikuwa kinatetemeka, basi. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mkononi. Waimbaji waliosimama pale waliacha wimbo, wakasogea kutazama. Najua maneno yaliyosemwa kwa sababu mjomba alinihadithia baadaye, zaidi ya mara moja, na hakubadilisha hata neno.

"Mmeona?" Mhoja alisema. "Mtoto amelala, gitaa linalia. Nani anapiga?"

"Kaka, mtoto ni mgonjwa," mjomba akamwambia. "Huu ni usingizi wa malale. Manamba wenzangu kule kwenye mkonge walikuwa nao."

"Wewe Kapela umekaa pwani umesahau kwenu. Ntalikwa wamemfunga huyu kwa uchawi. Wanataka gitaa letu lipigwe na mkono wao."

Ajabu ni kwamba malale tulikuwa tukiyajua sote. Vijiji vizima vilikuwa vimehamishwa na serikali kwa ajili yake. Mtu wa kawaida angesinzia hivyo, Mhoja huyohuyo angesema ni malale. Lakini mwimbaji kwetu haugui kama mtu wa kawaida. Mwimbaji akikohoa ana mshindani, akikwaruza sauti ana mshindani, akilala ana mshindani. Na kulikuwa na jambo la pili ambalo Mhoja alilisema polepole zaidi: serikali ikisikia malale itatuhamisha, na ngoma itakuwa imekufa. Baba alikuwepo. Alitazama chini.

Asubuhi iliyofuata mjomba alinifunga kwa kitenge mgongoni kwake, akapanda baiskeli, akavuka njia panda. Kwenye kizuizi cha mbung'o, pale ambapo walinzi walikuwa wakiwapekua wasafiri na kuwakamata mbung'o waliowaganda, mlinzi mmoja aliniinua kope kwa kidole. Akamwuliza mjomba, "Kambini mlikuwa na nani mwingine?" Mjomba akataja. "Walete wote wapimwe. Leo, si kesho." Nikaachwa hospitali, naye akageuza baiskeli palepale.

Maganga alikuwa bado hajaanza usingizi. Alikuwa na homa tu na kichwa. Mjomba alipofika, Mhoja alimwambia mtoto amekwenda Isikizya kumsalimia shangazi. Mjomba akaendesha mpaka Isikizya. Hakumkuta. Maganga alikuwa amefichwa kwa Lugendo, nyuma ya ghala la mtama, na aliyempelekea chakula ni baba yangu. Naandika hivyo kama ilivyo: baba yangu ndiye aliyempelekea chakula, na mjomba alipomwuliza uso kwa uso, alisema hajui.

Mimi nilikuwa nachomwa sindano ya uti wa mgongo, nimekunjwa kama kobe, na nyingine za mshipani zilizounguza mkono mpaka begani. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Kisukuma aliyeimba akilia. Sikumbuki mengi. Nakumbuka kwamba habari za ngoma zilinifikia kabla ya habari za kaka yangu. Tulishinda. Watu wote waliuhama upande wa Ntalikwa. Maganga aliimba bila gitaa, jasho likimtiririka, na waliokuwapo wanasema hawajasikia sauti kama ile tena. Mhoja alibebwa juu mabegani. Alisema dawa ya Lugendo imefanya kazi. Baada ya ngoma sharti lilikuwa limekwisha, wangeweza kumvusha njia panda, lakini mshindi ana wageni wa kumsifu na pombe ya kunywewa, na alipoanza kulala walisema amechoka kwa ushindi. Walipomleta hospitali alikuwa hamjui mtu. Aliwekwa wodi ya wanaume. Sikuruhusiwa kumwona mpaka alipofunikwa.

Wapo wanaoniambia nisiwataje marehemu. Mhoja amekufa mzee, ameshiba, kaburi lake lina saruji. Lugendo alikufa akiwa bado anazindika. Baba aliendelea kushika mlango wa kanisa. Watu waliposema ni kazi ya Ntalikwa, alinyamaza. Waliposema ni mapenzi ya Mungu, alinyamaza. Si Ntalikwa, masikini, waliokuwa wakiimba zao. Ni Mhoja, ni Lugendo, ni baba yangu. Mbung'o simtaji, yeye hakuombwa ukweli akaukataa. Mjomba Kapela alipanda treni kurudi kwenye mkonge na gitaa lake. Hakunipa, na alifanya vizuri, kwa maana mkono wangu wa kushoto haujaacha kutetemeka mpaka leo. Uzi ukibanwa na kidole kinachotetemeka hulia kama mbuzi.

Sasa naishi mjini Tabora. Gitaa liko katika kila redio. Kijana wa jirani anajifunza kwa kanda: anasikiliza, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, peke yake chumbani, bila kundi, bila mshindani, na akiumwa kichwa anameza kidonge. Nasikia kidole chake gumba kikisimama hovyo kila mara. Nyumbani kwangu mimi nina sheria moja: mtu halali mchana. Mkwe wangu ananung'unika, wajukuu wananiita askari. Juzi nilimkuta mjukuu wangu wa kike amesinzia juu ya daftari, nikamshika mkono mpaka hospitali. Baba yake alitufuata mlangoni, "Mama, mtoto kachoka tu na shule!" Sikugeuka. Muuguzi alimtazama akacheka. "Bibi, huyu ana usingizi tu." Nikamwambia apime damu. Akapima. Hakukuwa na kitu. Njia nzima ya kurudi mtoto alikuwa mbele yangu, amenuna, anapiga mateke vijiwe, anasema nimemtia aibu mbele ya watu. Nikamtazama mgongo. Alikuwa anatembea haraka kweli.