Mtoto Aliyesingiziwa Fuko

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, miaka ile Katanga ilipojitenga, hakuna mwanamke wa mtaa wetu wa Kampemba aliyegusa nyama ya fuko akiwa na mimba. Fuko anaishi chini ya ardhi, na macho yake ni madogo, ya kutafutwa. Ukimla, walisema, mtoto atazaliwa na macho kama yake. Lakini nyama ilikuwa imeadimika, na njaa haina mwiko. Mama alikula.

Mdogo wangu akazaliwa na vijicho kama mbegu za papai. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alimtazama kitambo, kisha akamgeukia baba.

"Njo ile fuko bibi yako alikula. Umurudishe kwabo."

Kwao Mama ni Kasai, na siku zile Wakasai walikuwa wakifukuzwa mjini. Kumrudisha ilikuwa kumtupa barabarani katikati ya vita, yeye na kichanga. Niliogopa hata nikawa namfuata Mama mpaka mlangoni mwa choo.

Baba hakubishana. Alimpeleka mtoto kwa daktari wa macho, Mama akimbeba, nami nikafuata. Shangazi naye akaja, akitaka kuisikia hukumu kwa masikio yake. Daktari alimulika ndani ya macho ya mtoto, akachungulia muda mrefu. Halafu akamtazama shangazi usoni, akamvutia kiti, akammulika naye. Maana shangazi naye alikuwa na vijicho, ila vyake tuliviita macho ya aibu. Nyani haoni kundule.

"Jicho iko mufupi," daktari alimwambia baba. "Kule nyuma, mishipa ya damu inajipinda-pinda. Ya mutoto na ya dada yako, njo moja. Hii iko ya jamaa, haikutoka mu sahani."

Tulipofika nyumbani, majirani walikuwa wakisubiri uani. Shangazi alimpokea mtoto kutoka kwa Mama, akamwinua juu.

"Mumuangalie muzuri. Uyu iko wa kwetu. Macho iko yangu."

Nimezeeka, na mwiko ule siucheki. Bibi zetu walitafuta sababu kwa walichokuwa nacho. Ila najivunia shangazi, kwa sababu kujirudi mbele ya majirani si kazi ndogo. Na Mama namjivunia zaidi, kwani hakuwahi kuomba radhi kwa kula. Alizeekea katika nyumba ile ile. Mama alipofariki, shangazi alikuwa haoni tena. Alimwosha kwa kupapasa, taratibu, na hakuruhusu mkono mwingine.