Maziwa Yaliyouzwa Kununua Biskuti

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Migato, Mwalimu Mkuu hakunionyesha darasa. Alinipeleka moja kwa moja jikoni, kwenye sufuria la uji wa mtama lililokuwa likitokota, akaniambia, "Somo lako linaanzia hapa, mwalimu. Hebu onja." Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha sayansi kimu, yaani mapishi, lishe, usafi na malezi. Uji ule ulitiwa karanga zilizopondwa, mchango wa wazazi, na kila mtoto alikuja na kikombe chake. Nikadhani shule zote ziko hivyo.

Nilipohamishiwa Ngulyati, soko huria lilikuwa limeshaingia. Wanunuzi binafsi wa pamba walipishana barabarani, na maduka tuliyozoea kuyakuta matupu yalijaa biskuti, pipi na unga wa juisi wa kila rangi. Jiko la shule nalo nililikuta limejaa magunia ya pamba. Nikamuuliza Mwalimu Mkuu wa pale, mzee mpole asiyependa ugomvi, watoto wanakula nini.

"Siku hizi kila mmoja na chake," akasema. "Ndiyo maendeleo, mwalimu."

Asubuhi moja, katikati ya mchakamchaka, msichana wa darasa la tatu aitwaye Nkwimba alianguka kifudifudi. Tulimpepea hadi akazinduka. Amekula nini? Biskuti. Na jana? Biskuti na juisi. Hapo nilipandwa na hasira, maana kwao wana ng'ombe, na mama yake nilimwona kila siku akipeleka maziwa mjini. Nikaagiza aitwe, nami nimejiandaa kumsema mpaka ajute.

Alikuja na mtoto mgongoni. "Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu kwa heshima, akipiga goti. Nikaitikia, kisha nikamuuliza kwa nini anauza maziwa hotelini huku mwanawe anaanguka kwa njaa. Hakukasirika. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa.

"Si ninyi walimu na manesi mliotufundisha? Chakula kikikaa wazi inzi wanatua, mtoto anaharisha. Maziwa yetu yana inzi, mwalimu. Biskuti imefungwa tangu kiwandani. Nauza yale ili watoto wangu wale kisafi."

Nikaketi naye kwenye benchi, nikamweleza taratibu kwamba maziwa yakichemshwa na kufunikwa yanakuwa salama, na kwamba biskuti hujaza tumbo lakini haijengi mwili. Kisha akafungua kanga, akamshusha yule wa mgongoni.

"Na huyu je? Tangu nimwachishe ziwa nampa biskuti na juisi tu. Tunafurahi anavyonenepa."

Nilimbonyeza mtoto mguu, kidole kikaacha shimo. Nywele zilikuwa nyekundu na nyepesi, ngozi ya mapaja imeanza kubanduka. Ule haukuwa unene, ulikuwa uvimbe wa utapiamlo. Mwalimu Mkuu, ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha jambo, alitoa baiskeli yake mwenyewe akawapakia mama na mtoto hadi hospitalini Bariadi. Magunia ya pamba yalitolewa jikoni wiki ileile, na hakuna aliyebishana.

Mtoto alipona, ingawa polepole. Mama yake akawa wa kwanza kuleta karanga za uji, na kwenye vikao vya wazazi alilisimulia jambo lile bila kujificha.

Sasa nimestaafu, na walimu vijana huniuliza wafanye nini na wazazi wakaidi. Nawajibu kwamba mkaidi hakunisumbua sana, kwa kuwa nilijua hajakubali, nikarudi tena kesho yake. Mpaka leo ninayemwogopa ni yule anayeitikia kwa kichwa na kwenda nyumbani akiwa ameridhika. Mfuateni huyo mpaka jikoni kwake. Mama Nkwimba alitusikiliza kuliko wazazi wote wa Ngulyati, akatutii neno kwa neno, na nusura azike mtoto.