Nimembeba Diwani kwa Baiskeli

Jamani, leo nimembeba diwani kwa baiskeli!

Mnajua mimi hupika chai kwenye baraza la mji, madiwani wakikutana. Leo diwani mmoja, mzungu mnene, alitaka pesa za mji zijenge maegesho ya magari tu, na baiskeli zifukuzwe barabara kuu.

Nikamimina chai nikiwaza, sisi tunaokuja kazini kwa baiskeli kutoka Dundori tutaziacha wapi?

Walipotoka mkutanoni, gari la yule diwani likakataa kuwaka. Na mke wake alikuwa anashuka treni saa hiyo, akimngoja stesheni!

"Baiskeli iko?" akaniuliza.

"Iko, bwana."

Akapanda keria, kofia mkononi. Akina mama sokoni walicheka mpaka machozi.

Stesheni akauliza, "Hii unaegesha wapi?"

"Pale mnataka kutufukuza, bwana."

Akavaa kofia yake. Halafu akanipa mkono.

Kesho madiwani wanapiga kura juu ya maegesho hayo. Haya semeni: mkono ule ni wa shukrani tu, ama baiskeli zimepona?