Matundu Sita Katika Ukuta wa Mwaloni

Mwenye jengo, Mgujarati aliyetoka Kampala na masanduku mawili kama sisi tulivyotoka Kisumu, alinipa ahadi mbele ya mke wangu: nikimaliza kugeuza ghorofa ya juu ya baa yake kuwa fleti nne, na ukaguzi ukipita, fleti moja atanipangisha mimi. Wakati huo tulikuwa watu sita katika chumba kimoja nyumbani kwa kaka yangu, Southall, huku Uingereza. Asubuhi ya kwanza mke wangu alinisindikiza hadi kituo cha basi, akaniambia, "Tafadhali, usije ukaharibu."

Baa yenyewe ilibaki wazi chini. Juu tulikuwa wawili tu, mimi seremala na mwenzangu Mzanzibari, fundi wa lipu. Yeye alikuwa hajawahi kukanyaga baa maishani, kwa hiyo alipitia mlango wa nyuma na kupanda ngazi mbio kama anayefukuzwa na mbwa.

"Kalasinga," aliniambia akihema, "nikifa humu ndani, waambie wanangu nilikufa kwa mwajiri mwingine."

Labda nieleze jengo la namna hii ni kitu gani, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Waingereza wana orodha ya majengo ya kale. Jengo likishaingia humo, ni lako, hati unayo, lakini huruhusiwi kubadilisha hata komeo la mlango bila kibali cha halmashauri. Niliona ajabu. Kisumu nyumba ikizeeka unaibomoa, au inakubomokea. Hapa watu walikuwa wakilinda baa kama wengine wanavyolinda makaburi ya wazee wao, na nilitaka sana kujua wanaona nini ndani yake.

Chumba kikubwa cha juu kilikuwa ukumbi wa dansi zamani. Ukuta wake mmoja ulivikwa mbao za mwaloni kutoka sakafuni hadi darini, nyeusi kwa moshi wa sigara. Kibali kilituruhusu kugawa ukumbi, ila ukuta ule usiondolewe. Sikuuondoa. Nilitoboa matundu ya hewa.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki atanielewa. Kwetu kila chumba kina matundu juu ya dirisha au karibu na dari, joto lipate pa kutokea. Kwangu mimi hayo hayakuwa mabadiliko. Yalikuwa sehemu ya chumba, kama sakafu. Niliona ukungu kwenye kona, nikasema chumba hiki kimenyimwa pumzi. Nikachukua keekee, nikatoboa matundu sita yaliyopangana vizuri, nikashuka kwenye ngazi kuyatazama. Nilifurahi.

Mwenzangu alikunja kofia yake. "Baridi yote ya Uingereza umeikaribisha ndani, bwana. Umeitengenezea na milango."

Kesho yake alikuja afisa wa halmashauri, mama wa makamo mwenye tochi. Akamulika juu, tundu baada ya tundu.

"Haya ni nini?"

"Ya hewa, mama. Chumba bila matundu hakilaliki."

Hakunigombeza. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu moja, taratibu, kama mtu anayegusa jeraha la mtoto. "Nitarudi Ijumaa," alisema. "Ukuta ukiwa hivi, sitatia saini." Na bila saini yake hakuna fleti, si ya kwangu wala ya mtu mwingine.

Nilianza kwa kuchonga vizibo vya duara, nikavijaribu kwenye kipande cha mbao ileile kilichoachwa nyuma ya ngazi. Nilipopaka rangi, kila kizibo kilionekana kama jicho jeusi. Sababu ni hii: nilikuwa nimevikata kutoka kwenye vijiti vya mviringo, na kichwa cha kijiti hunywa rangi kuliko ubavu wake. Basi tulifungua ubao mmoja polepole ili niutazame kwa nyuma. Hapo nikakuta kitu.

Chini kidogo ya matundu yangu palikuwa na kiraka cha zamani. Fundi fulani, aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa, alikosea akakata tundu mahali pasipohitajika, kisha akaliziba. Kwa mbele nilikuwa nimeutazama ukuta ule wiki tatu bila kukiona. Hakuziba kwa duara. Alichonga kiraka chembamba chenye ncha mbili, kirefu kufuata nyuzi za mbao. Jaribu mwenyewe siku moja: jicho hukamata mstari unaokatiza nyuzi, lakini mstari unaolala pamoja nazo hulipita.

"Mwenzako huyo," alisema Mzanzibari akichungulia. "Naye aliharibu."

"Aliharibu vizuri," nikasema.

Nilichonga viraka sita kwa mtindo wake, nikikitumia kile kipande cha nyuma ya ngazi. Siku mbili nzima nilikuwa kwenye patasi.

Ijumaa yule mama alimulika tochi. Alikiona cha kwanza, akakiona cha pili, akapata vitano. Akasogeza ngazi huku na huku.

"Cha sita kiko wapi?"

"Usimwambie!" mwenzangu akanong'ona kwa Kiswahili. "Kalasinga, funga mdomo!"

Nilipanda nikamwonyesha. Alicheka, kwa mara ya kwanza, akanipa penseli. Akaniambia nifungue ubao niandike nyuma tarehe na kazi niliyofanya, ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Kisha akatia saini, karatasi ikiwa juu ya goti lake.

Mwenye jengo alitimiza ahadi, tukahamia Jumapili. Mke wangu alitembea chumba hadi chumba bila kuvua koti. Watoto walikuwa wakifunga milango na kuifungua, kisha kuifunga tena, wakiitana kutoka kila upande. Nilitaka kuwakataza kelele. Mke wangu alinishika mkono. "Waache," alisema. "Tangu tushuke kwenye ndege hawajapata mlango wao."